Vidonge vya sonona: niviache kabla ya kwenda Pemba?

Kutoka: Mtoto wa Wete (Northampton), Jumamosi usiku

Assalamu alaykum ndugu zangu,

Kunradhi kwa kuleta jambo hili hapa. Nimeandika nikafuta mara tatu. Hii ya nne naituma kabla sijaghairi.

Mwezi wa tano huu nnakunywa setralini, miligramu 50, kidonge kimoja kila asubuhi. Daktari kasema ni sonona. Mie nilikwenda kwake kwa kukosa usingizi tu. Nilikuwa naamka saa tisa za usiku, nakaa jikoni mpaka alfajiri, nikifika ghalani kazini mikono inapanga maboksi lakini mwenyewe simo. Wiki mbili tatu za mwanzo vidonge vilinipa kichefuchefu na kiherehere cha moyo, nikataka kuvitupa. Baadaye, alhamdulillahi, nikaanza kulala. Mke wangu anasema ameniona nimepona siku niliyoanza tena kugombana na televisheni mpira ukichezwa.

Tatizo ni safari. Kumi la mwisho la Ramadhani nakwenda Wete, nakaa wiki saba: Idi, kisha harusi ya mdogo wangu mfunguo mosi. Nyumba zetu mnazijua. Watu kumi na nne, kabati moja, na begi la mtu aliyetoka Ulaya litafunguliwa kabla mwenyewe hajanawa miguu. Mama akiviona ataniuliza vya nini. Nikimwambia kweli, habari itafika Konde kabla ya magharibi kwamba mtoto wa fulani kachanganyikiwa huko alikokwenda.

Kwa hivyo nafikiria niviache wiki moja kabla ya kupanda ndege. Nafuu nishaipata. Na tena, dawa ya asubuhi na saumu vinakwendaje pamoja? Aliyepitia haya anisaidie.

Kutoka: Dada wa Makunduchi (Muscat), Jumapili asubuhi

Waalaykum salaam kaka. Usithubutu.

Mie zangu zilikuwa venlafaksini. Niliziacha siku moja, pap, kwa sababu kama yako: wageni wanakuja kutoka nyumbani, sitaki maneno. Siku ya pili kichwa kikaanza kupiga umeme. Sisemi maumivu, nasema umeme: nikigeuza macho tu, zzt, mpaka kwenye ncha za vidole. Jasho, ndoto za ajabu, kilio bila sababu, ukiniambia "shika sahani" nakuona adui. Mama alikuwa ndiye mgeni mwenyewe. Kaniangalia, kasema hili si bure, akaniandikishia kombe. Nimelinywa siku tatu. Silidharau kombe, ni maneno ya Mungu na zafarani, na roho yangu ilitulia kwa kusomewa. Lakini umeme haukuondoka mpaka nilipokirudia kidonge, na uliondoka siku ile ile.

Baadaye niliziacha kweli, taratibu, kwa miezi minne, daktari akinipunguzia kidogo kidogo. Hiyo ilikuwa hadithi nyengine kabisa, sikulala hata siku moja kitandani.

Wewe sasa hesabu. Unaacha wiki moja kabla. Umeme ukija utakukuta ndani ya ndege, au kwenye boti ya Pemba mkondo wa Nungwi. Boti ile inatapisha wazima!

Kutoka: Bi Muuguzi (Leicester), Jumapili mchana

Mwanangu wa Wete, umefanya vyema kuuliza. Mie muuguzi, si daktari wako, na mengine haya utayathibitisha kwake. Ila ntaandika kwa urefu maana najua kuna kumi wanaosoma kimya kimya.

La kwanza, nafuu. Dawa hizi huchukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuonyesha kazi, pengine zaidi, na madhara hutangulia faida. Ndiyo maana wengi huziacha wiki ya pili wakiamini zimewadhuru. Wewe umevumilia, umevuka. Lakini kupata nafuu si ruhusa ya kuacha. Kawaida mtu huendelea si chini ya miezi sita baada ya kujisikia mzima, kwa sababu akikatisha mapema sonona hurudi kwa urahisi. Miezi mitano yako yote, ukitoa ile ya mwanzo ya kuhangaika, haijafika hapo.

La pili, yale yaliyompata Dada wa Makunduchi. Yanajulikana. Ubongo umezoea kitu, wewe umeunyang'anya ghafla. Huo si uraibu kama wa bangi au unga. Hutamani kidonge wala huongezi kila wiki. Venlafaksini na paroksetini ndizo zenye tabia mbaya zaidi ukiziacha ghafla, kwa sababu hutoka mwilini upesi. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa, huondoka polepole yenyewe. Setralini yako iko katikati. Na kuna alama ya kutofautisha: yakikupata ndani ya siku chache, yana umeme na kizunguzungu, hayo ni ya kuacha dawa. Yakija kwa kunyemelea baada ya wiki kadhaa, usingizi ukaanza kukatika saa tisa kama zamani, basi huo ni ugonjwa wako umerudi.

Saumu haina tabu kwa dawa yako, maana ni mara moja kwa siku. Ihamishe iwe baada ya futari, au daku kama ukiinywa usiku inakuondolea usingizi. Kwa wale kumi wa kimya: anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, asifunge kabla ya kuzungumza na daktari. Mwili ukipungukiwa na maji dawa ile hujaa kwenye damu, na ikizidi ni sumu.

Sasa safari. Wiki saba ni vidonge 49. Chukua 63, wiki mbili za akiba, maana ndege huahirishwa na bahari huchafuka. Muombe daktari mapema, si siku ya mwisho. Hapa England kila dawa ni pauni 9.90, iwe ya mwezi mmoja au miwili, kwa hivyo ukiandikiwa zote kwa mara moja utaokoa na pesa. Waliopo Wales na Scotland hawalipi, Mungu awazidishie. Viweke kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lao lenye jina lako, na karatasi ya daktari. Usivimimine kwenye kopo la Vicks kama nilivyomuona mmoja. Kama unapitia nchi za Ghuba, angalia sheria zao kwa kila dawa uliyonayo. Tramado na kodeini, ambazo hapa tunazichukulia kama dawa za mgongo tu, Imarati wanazihesabu katika dawa zinazodhibitiwa.

Na tramado hiyo hiyo usiichanganye na setralini. Ukiumwa na kichwa kwenye pirikapirika za harusi, panadoli inatosha. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikikutana na setralini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni, na kwetu diklofenaki inauzwa kama peremende. Ukiandikiwa dawa za kuzuia malaria, sema wazi kwamba una sonona: meflokwini haifai kwako, zipo nyengine.

Ukiishiwa ukiwa Wete, nenda hospitali, usiende dukani ukachagua kwa sura ya kidonge. Fluoksetini na amitriptilini ndizo za miaka mingi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huenda ukazikuta hizo, lakini kubadilisha moja kwa nyengine kuna mpango wake.

Mwisho, na hili ni kwa kila mtu. Akianza dawa, au akibadilishiwa kipimo, hasa kijana chini ya miaka 25, wiki za mwanzo fikra za kujiua zinaweza kuzidi. Zikikujia usizingojee zipite. England piga 111 uchague namba 2. Hatari ikiwa iko mlangoni, 999. Nyumbani mwamshe mtu, yeyote, mwende hospitali usiku huo huo.

Kutoka: Mume wa mtu (sisemi niliko), Jumapili usiku

Bi Muuguzi, na ile ya chumbani? Mie ndiyo iliyoniachisha.

Kutoka: Bi Muuguzi (Leicester), Jumapili usiku

Nilikuwa naingoja. Ndiyo, dawa hizi hupunguza hamu na huchelewesha, kwa wanaume na wanawake. Ni katika madhara yanayotokea sana na yasiyotajwa sana. Mwambie daktari kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Anaweza kupunguza kipimo au kukupa aina nyengine. Na mkeo mwambie ni dawa. Ameshakaa anafikiri una mke wa pili.

Kutoka: Ami wa Malindi (Copenhagen), Jumatatu

Wanangu, salaam.

Mie nilitaka kuandika maneno mengine kabisa. Nilitaka kusema sisi tulilelewa na Yasini na kazi, na hizi sonona ni baridi ya Ulaya. Enzi zetu mtu akitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, alikimbia kuliko anayefukuzwa na ng'ombe. Nikaandika, nikasoma, nikaona natia aibu, kwa sababu mezani mbele yangu kilikuwepo kidonge changu. Nnakunywa sitalopramu tangu alipofariki mke wangu, mwaka wa tisa huu. Watoto wangu nimewaambia ni za presha. Leo wanasoma hapa. Haya.

Lakini nnachotaka kumwambia Mtoto wa Wete ni juu ya uongo huo wa presha, maana najua ndio atakaoufikiria. Usiutumie. Nilikwenda Unguja msimu mmoja, nikavitaja vidonge vyangu hivyo hivyo, za presha. Siku ya nne, baada ya isha, jirani kanigongea mlango. Mama mtu mzima, kichwa kinamuuma, kasema: "Ami, presha imenipanda, zangu zimekwisha, nigaie kimoja chako cha Ulaya." Nikasimama pale kama nguzo. Nikimpa, namuua. Nikimnyima, mchoyo. Nikasema vimekwisha, na boksi analiona kwenye rafu! Mtoto wake alimpeleka hospitali usiku ule, kapona, lakini mpaka leo hanisalimii vizuri.

Usiseme za presha, usiseme za usingizi, usiseme vitamini. Zote hizo kwetu zina wateja. Sema: "Hii dawa yangu nimeandikiwa mie, haimfai mwengine." Ukiulizwa ya nini, sema ya kichwa. Sonona iko wapi kama si kichwani?

Kutoka: Dada wa Chake (Cardiff), Jumatatu usiku

Ami, nimecheka na nimelia.

Naongeza moja tu. Mama yangu Chake ana kidonge kidogo cha usiku, "cha mishipa ya miguu", miaka sasa. Mwaka jana nikasoma pakiti: amitriptilini. Ni dawa ya zamani ya sonona, ile ile, ila kwa kipimo kidogo hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Nyumba nzima inaijua, inaisifu, na hakuna aliyesema Mama kachanganyikiwa. Kwa hivyo kaka, huenda hicho unachokificha kimo ndani ya droo ya mama yako siku zote. Ila usije ukavila vyake vyako vikiisha. Viwili hivyo havikai pamoja bila daktari.

Kutoka: Mtoto wa Wete (Northampton), Ijumaa

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja miadi ya daktari.

Siviachi. Daktari kaniandikia vyote 63 na barua ya mistari minne. Kasema tuzungumze habari ya kupunguza nikisharudi na kutulia, na kwamba kwa miligramu 50 tutashuka kwanza 25, kisha tutaangalia mwili unasemaje. Kuanzia jana nakunywa baada ya futari. Usiku wa kwanza nimechelewa kulala kidogo, leo naona sawa.

Mama sijamwambia. Nimemwambia mdogo wangu, bwana harusi. Nilijiandaa kwa hotuba, yeye kasema tu, "Kumbe ndiyo maana mwaka jana ulikuwa hupokei simu." Halafu kasema vidonge nivitie kwenye sanduku lake la nguo za harusi, kwani hilo hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa mpaka siku yenyewe. Chumba chenyewe hakipigwi na jua, nimeuliza.

Naondoka Jumanne ijayo. Aliye na mzigo mdogo wa Pemba aseme mapema, nna kilo tano.

Kutoka: Ami wa Malindi (Copenhagen), Ijumaa

Mzigo wa kwenda sina. Wa kurudi ninao: halua ya Wete, kilo mbili, ile nyeusi. Pesa nitakutumia. Na ukiulizwa kwenye ndege, hiyo ndiyo dawa ya presha.