Tukibaki wawili tu, mazungumzo yanakata. Nifanye mazoezi gani?

Mtulivu:
Wadau, habari zenu. Naomba maelekezo ya vitendo, "jiamini tu" nimeshaisikia vya kutosha. Kwenye kundi sina shida, wengine wanabeba mzigo. Tukibaki wawili, salamu zinaisha, maswali mawili matatu ya kazi na familia yanaisha, kisha kimya. Mwenzangu akiwa bado anaongea, mimi natafuta la kusema. Nikilipata, yeye keshahamia jambo jingine. Nauliza matatu: la kusema nilitoe wapi, ukimya niufanyeje, na niagaje bila kuonekana namkimbia mtu? Nawasilisha.

Bi Mizani:
Mkuu, kuandaa jibu wakati mwenzako anaongea si kosa. Watafiti waliolinganisha lugha 10 mwaka 2009 walikuta kwamba kati ya swali kuisha na jibu kuanza hupita wastani wa sekunde 0.2 hivi. Muda huo hautoshi kutunga hata neno moja, kwa hiyo kila mtu huanza kujiandaa mapema. Kinachokuangusha ni kwamba wewe huandai jibu, unaandaa mada mpya. Mada mpya haihitaji kumsikiliza mtu, ndiyo maana unampoteza njiani.

La kusema limo ndani ya sentensi ya mwenzako. Tuseme kasema: "Wiki hii nimechoka, tumehamisha ofisi, na msaidizi wangu mpya bado hajazoea." Hapo una pa kushika panne: uchovu, kuhama, msaidizi mpya, na hilo "bado hajazoea". Shika lile aliloliongeza bila kuulizwa, maana mara nyingi ndilo linalomkaa kichwani. "Sasa kumfundisha mtu katikati ya kuhama, unafanyaje?" Hapo atasimulia. Ukiuliza "Mmehamia wapi?" utapewa jina la mtaa, basi.

Maswali ya nani, wapi na lini huleta neno moja. "Ilikuwaje", "mlianzia wapi", "kipi kilisumbua zaidi" huleta maelezo. "Kwa nini" itumie kwa uangalifu. Mtu anaweza kuhisi anashtakiwa. "Nini kilikufanya uamue hivyo?" inauliza jambo lile lile bila ukali.

Zoezi: kwa wiki moja usihangaike kuongea vizuri. Katika kila mazungumzo, uliza maswali mawili yanayofuatana juu ya jambo lile lile kabla ya kuhamia lingine. Utafiti wa Harvard uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa wanaouliza zaidi hupendwa zaidi na wanaozungumza nao, hasa kwa maswali yanayofuatilia jibu lililotangulia. Maswali ya kuruka kutoka hili hadi lile hayana nguvu hiyo.

Kalamu Nyeusi:
Naunga mkono, ila kuna shimo hapo. Mtu akilishika hilo la maswali peke yake, anageuka askari anayechukua maelezo. Baada ya maswali mawili weka chako: sentensi moja au mbili, za uzito ule ule. Yeye akitaja uchovu wa kazini, wewe usimwage habari za talaka. Kisha rudisha kwake.

Kurudisha ndiko watu hukosea. Mwanasosholojia Charles Derber alitenganisha majibu yanayoyaacha mazungumzo kwa msemaji na yale yanayoyavuta kwa msikilizaji. Mtu akisema "Silali vizuri siku hizi," ukajibu "Hata mimi, juzi nimekesha..." na kuendelea dakika tatu, umemnyang'anya. "Hata mimi napitia hilo, hasa nikiwa na kazi nyingi. Kwako linakuja saa ngapi, mwanzoni au usiku wa manane?" Umejitaja, na bado mazungumzo ni yake.

Halafu angalia unavyojibu wewe. "Nzuri tu" haimpi mwenzako pa kukamata, na bila shaka naye yuko hapo anatafuta la kukuuliza. Ongeza kitu kimoja: "Nzuri, leo nimemaliza ile ripoti iliyokuwa inanitesa."

Sikio Pana:
Nichukue ukimya na kuaga.

Anza na macho. Mtafiti wa mazungumzo Adam Kendon alieleza mwaka 1967 kwamba msikilizaji humtazama msemaji zaidi kuliko anavyotazamwa. Msemaji huelekea kutazama pembeni anapoanza maelezo marefu, kisha humrudia mwenzake anapokaribia kumaliza. Kwa hiyo usijilazimishe kumkodolea mtu macho wakati unaongea. Muhimu ni mwisho wa sentensi: inua macho, mtazame. Ukimaliza huku unatazama sakafu au simu, hajui kama zamu ni yake, anasubiri, na ukimya unaouogopa unazaliwa hapo. Kukaa kwa pembe badala ya uso kwa uso, au kutembea pamoja, pia kunapunguza presha ya macho.

Ukimya ukitokea, hesabu hadi tatu kimoyomoyo. Mara nyingi mwenzako anapanga tu sentensi inayofuata. Ukizidi, rudi nyuma: "Ulitaja mambo ya yule msaidizi, ikaishiaje?" Hakuna anayedai mada mpya.

Kuaga: utafiti wa 2021 uligundua kuwa ni nadra mazungumzo kuisha wakati wote wawili walipotaka, kwa hiyo usingoje ishara ya pamoja. Subiri jambo lifike mwisho wake, taja kimoja alichokwambia ("basi nakutakia heri na huo uhamisho"), toa sababu fupi ya kweli, aga, ondoka. Linaloharibu ni kuaga kisha kufungua jambo jipya mlangoni.

Mtulivu:
Asanteni sana. Na yule anayejibu "ndiyo", "hapana", "kawaida"?

Bi Mizani:
Mpe nafasi mbili. Kwanza swali la kuchagua, ni jepesi kulijibu: "Kigumu kipi, kuanza au kumalizia?" Pili, acha kuuliza, toa kauli ya kubahatisha, hata ikiwa na kosa: "Nadhani kazi hiyo ina makaratasi mengi." Watu wengi waliogoma kujibu swali hawawezi kuacha kosa bila kulirekebisha. Akibaki kwenye neno moja, amechoka au hataki. Muage kwa heshima.

Na usijipe alama ukiwa njiani kurudi. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba watu wakishazungumza na mgeni hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Jipime hivi: unaweza kutaja mambo mawili aliyokwambia? Ukishindwa, siku hiyo masikio yako yalikuwa kwako mwenyewe.

Sikio Pana:
Nyongeza: kama hofu inakufanya ukwepe watu au kazi kwa miezi, mwone mwanasaikolojia. Kuna tiba ya kubadili fikra na tabia, na kwa hofu ya namna hii inafanya kazi.