Wakuu, nahamia chuo kikuu mwakani. Nisome hisabati ipi?

Ngano Mbichi:
Habari za humu wakuu. Nipo California, namalizia chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili. Dirisha la kuomba kuhamia vyuo vikuu vya UC, yaani University of California, linafungwa mwisho wa Novemba. Nataka hisabati ila sijui ipi: kuna hisabati tupu, hisabati tumizi, takwimu, hisabati na uchumi, na aktuaria, ile hesabu ya hatari za bima. Nikitoka zamu saa 12 asubuhi nalala macho wazi. Ipi ina ajira? Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Kisu Butu:
Chuo cha jamii ndio kama shule ya kata?

Ngano Mbichi:
Hapana mkuu. Unasoma miaka miwili kwa ada nafuu, halafu unahamia chuo kikuu unaingia mwaka wa tatu moja kwa moja.

Ticha Mstaafu:
Nimefundisha hesabu kidato cha tano na sita miaka 31. Nilikuwa na kijana wa PCM aliyekuwa anafanya maswali ya kutofautisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la shule, mpishi anamfukuza na mwiko. Leo ana duka la spea Kariakoo, na nikienda ananipunguzia bei. Hakuwahi kuniuliza hesabu ipi. Hesabu ni hesabu.

Boksi Zito:
Dogo, nakupa ya bure. Angalia kozi iwe kwenye orodha ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ukimaliza unapata OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi kwa mwenye viza ya mwanafunzi, miezi 12, na STEM inakuongezea 24. Hisabati na takwimu zipo. Uchumi uchunguze namba ya kozi yake kwenye orodha kwanza, maana kuna wa aina nyingine hauhesabiki. Mimi nilipuuza hilo, nikarudi kubeba boksi na digrii yangu ukutani.

Mkenya Mpole:
Aktuaria fikiria mara mbili, ndugu. Binamu yangu aliisoma hapa Nairobi, akafaulu mtihani wa kitaaluma wa P, ule wa uwezekano, ila ule wa FM, wa hesabu za fedha, anaukimbia mpaka leo. Sasa anauza bima ya magari.

Shangazi wa Oakland:
Mwanangu, njia hiyo nimeipita. Huko ulipo hisabati tupu na tumizi karibu zinafanana: kalkulasi tatu, aljebra ya mstari, milinganyo ya kutofautisha. Zinaachana mwaka wa tatu. Hisabati tupu inakuwa kuthibitisha tu, ukurasa mzima unaweza usione namba hata moja. Tumizi na takwimu zinakutaka kwenye kompyuta. Na mitihani ya aktuaria, P na FM, haiulizi digrii yako inaitwaje. Ingia tovuti ya ASSIST uone somo gani la chuo chako linakubalika wapi. Sasa niambie, umepata ngapi kwenye hizo kalkulasi?

Ngano Mbichi:
GPA yangu ni 3.4 shangazi. Niko vizuri.

Shangazi wa Oakland:
Nimeuliza somo kwa somo.

Kisu Butu:
Dogo anakwepa kama kuku wa Krismasi.

Ngano Mbichi:
Sawa. Ya kwanza A, ya pili B. Ya tatu mara ya kwanza nilijitoa katikati, nikaandikiwa W. Niliporudia nikapata D. Swali la mwisho lilikuwa ujazo wa tufe lililokatwa na koni. Mipaka yote mitatu ya intigro niliiweka sawasawa, nikasahau kuzidisha kwa kile kizidishi, ro mraba sain fai. Mwalimu alizungushia kwa kijani akaandika "iko wapi?" Nilikuwa nimetoka zamu, nyumba ya wazee.

Halafu Septemba nilishatuma TAG, ile ahadi ya kupokelewa, kwenye kampasi moja kati ya zile 6 zinazoitoa. Nilijaza hisabati tupu. Na sioni kama nilikosea, nasikia ina ushindani mdogo.

Shangazi wa Oakland:
Kumbe umeshachagua! Fomu ya Novemba lazima ifanane na TAG, na ahadi yenyewe inategemea umalize masomo ya msingi kwa alama C au zaidi. Na W inahesabika kama jaribio. Ukikaa tena ni mara ya tatu, vyuo vya jamii vya California havikupi ya nne hivi hivi.

Mama Tunu:
Na hapo wazazi wanajua? Vijana mnaficha alama kama mimba.

Dereva wa Zamani:
Mimi nasema hii chai, tena ya tangawizi. Moja, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kulinda wazee usiku nje ya chuo. Mbili, Machi akaunti hii hii iliweka tangazo, Noah inauzwa Kahama, bei maelewano. Noah ilivuka bahari na mkokoteni?

Ngano Mbichi:
Akaunti tunatumia wawili na kaka yangu. Noah ni yake na ilishauzwa. Na nani kasema nina viza ya mwanafunzi? Mama alishinda bahati nasibu ya viza, nikaja naye kwa grin kadi, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi.

Boksi Zito:
Yaani nimeandika aya nzima ya OPT na wewe umekaa kimya, grin kadi iko mfukoni?

Ngano Mbichi:
Samahani mkuu. Ulikuwa unaeleza vizuri.

Dereva wa Zamani:
Na gia ya Noah ilikuwa inagoma, kaka yako hakusema.

Kisu Butu:
Hesabu zipumzike kidogo. Hiyo bahati nasibu mama alijaza mwenyewe au alijaziwa stesheneri?

Mama Tunu:
Nami nasubiri jibu hapo. Ile picha ya uso hunikataa kila mwaka.

Shangazi wa Oakland:
Ngano, waache. Hisabati tupu si mbaya kama unapenda kuthibitisha. Wewe umeipendea ushindani mdogo, hilo ndilo linanisumbua. Kwa sasa jiandikishe kalkulasi ya tatu muhula wa Januari na uombe zamu za Jumamosi na Jumapili tu.

Ngano Mbichi:
Nimekuelewa shangazi. Ila zamu za usiku ndizo zina nyongeza.

Kisu Butu:
Stesheneri ipi?

Ngano Mbichi:
Ya Mwenge, karibu na kituo cha daladala. Ilishafungwa.