Profesa Mukandala: kutoka sayansi ya siasa hadi uongozi wa chuo

Mdau wa Mlimani:
Ndugu zangu, naomba kufahamishwa: je, taaluma ya Profesa Rwekaza Mukandala ilimsaidia kweli alipokuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au uongozi wa chuo ni suala la fedha na majengo tu?

Msomaji wa Kale:
Ilimsaidia, kwa maoni yangu. Kabla ya kushika wadhifa huo mwaka 2006, akimpokea Profesa Matthew Luhanga aliyekuwa mhandisi, alikuwa ameongoza REDET, mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia nchini. Mtu aliyezoea kuchambua uchaguzi na vyama anajua kwamba mgomo wa wanafunzi kuhusu mikopo hauishii chuoni, kwa kuwa anayetoa fedha ni Serikali, ilhali anayelaumiwa kwanza ni uongozi wa chuo.

Bi. Mchambuzi:
Nakubali kwa sehemu. Majengo nayo yana siasa zake: hosteli zilizofunguliwa mwaka 2017, mwaka aliomaliza muda wake, zinaitwa kwa jina la Rais Magufuli. (Utawala wa chuo cha umma hauwezi kujitenga na Ikulu hata ukitaka.)

Msomaji wa Kale:
Ndiyo, na baadaye alirejea kwenye fani yake, akiongoza kikosi kazi cha demokrasia ya vyama vingi, ambacho mwaka 2022 kilimkabidhi Rais Samia ripoti iliyopendekeza mikutano ya hadhara ya vyama iruhusiwe tena.