Mjadala: Mwimbaji awekewe Auto-Tune masikioni akirekodi?

Fundi wa sauti, Katwe
Ndugu zangu, kuna wanaotaka redio za Kampala ziache kupiga wimbo wowote ulionyooshwa sauti kwa kompyuta, kwa sababu ni udanganyifu. Mimi narekodi watu kila siku, na siungi mkono. Kunyoosha noti mbili tatu baada ya mtu kuimba vizuri ni sawa na seremala kupiga msasa. Ninachopinga ni kumrekodi mwimbaji huku mashine, yaani Auto-Tune, programu inayoivuta sauti hadi kwenye noti, ikiwa tayari ndani ya hedifoni.

Anayejisikia amenyooshwa papo hapo hajui amekosea wapi. Anabana koo, anapayuka, na hedifoni zinamwambia yuko sawa, saa tatu nzima. Mwanamke akiimba ile noti ya la ya hertz 440, nyuzi zake za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Zikigongana kwa nguvu kila siku zinaota vinundu, na sauti inabaki ya kukwaruza. Nilimpokea binti mmoja akiwa hivyo, akaniambia, "Weka mashine tu, itafunika." Nilikataa kurekodi. Nilimpa mrija na glasi ya maji, apulize sauti taratibu humo hadi koo lilegee, kisha anyamaze siku hiyo. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mtu aende kwa daktari wa koo, si studio.

Mtunzi, Bwaise
Ssebo, kijana analipia studio kwa saa. Akisikia sauti yake kavu anaogopa, na anayeogopa haimbi. Halafu ile sauti ya roboti ni mtindo tangu Cher alipotoa "Believe" mwaka 1998. Anayeitaka atailengaje bila kuisikia?

Fundi wa sauti, Katwe
Kwenye roboti umenishinda. Anayeitumia mashine kama ala, aisikie. Woga ni jambo jingine. Mpe mwangwi kidogo, punguza mdundo, mwambie atoe sikio moja nje ya hedifoni ajisikie mwenyewe chumbani. Wengi wanatulia hapo hapo, na shingo inaacha kutoa mishipa.

Mpiga amadinda, Mukono
Mnabishana kuhusu koo, mimi nina kilio cha noti zenyewe. Oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti hiyo hiyo ya juu yake, ina senti 1200; senti ni kipimo cha umbali kati ya noti. Kinanda kinaigawa mara 12, senti 100 kila hatua. Amadinda yetu, ile marimba ya mbao ya Kiganda, inaigawa mara tano, takriban senti 240. Sasa mama aliyekulia na amadinda anaimba 240 yake, safi kabisa, na programu iliyoachwa kwenye noti za kinanda inamvuta hadi 200. Amesahihishwa akiwa hana kosa! Nimesikia nyimbo za Kiganda zilizofanyiwa hivyo. Zinaniuma, kwa sababu watoto watadhani bibi zao walikuwa hawajui kuimba.

Fundi wa sauti, Katwe
Nnyabo, hilo sikuwa nimelipima, na nimewahi kulifanya kosa hilo kwa mikono yangu. Kuanzia leo wimbo wa namna hiyo nausogeza noti moja moja kwa sikio, amadinda ikiwa imerekodiwa kwanza, au siugusi. Kama kuna fundi aliyeipangia programu yake zile hatua tano, aeleze hapa alivyoziingiza.