Mchezo haukuingii: utoke katikati, au ukae mpaka pazia lishuke?

Kiti_cha_Pembeni: Wadau, naleta hoja. Tiketi umelipa, nusu saa imepita, mchezo haukuingii hata kidogo. Mimi nasema nyanyuka utoke. Hela hairudi kwa kukaa. "Sikuupenda" si sababu ya kurudishiwa hela ya tiketi, kwa hiyo kilichobaki mkononi mwako ni muda wako tu. Wanaokaa mpaka mwisho huku wanapiga miayo wengi wao wanajifanya wanaelewa. Na msilete habari za kuwavunja moyo waigizaji, zile taa zinawapofusha, hawaoni mtu. Kutoka kwenyewe ni rahisi: ngoja taa zizimwe kati ya onyesho moja na jingine, inama, pita safuni umewaelekezea uso waliokaa na jukwaa umeligeuzia mgongo, kwisha.

Mama_Jukwaa: Hawaoni? Nani kakudanganya? Taa za mbele zinazuia kuona viti vya kati na vya nyuma. Safu tatu nne za mwanzo zinapata mwanga unaomwagika kutoka jukwaani, na mwigizaji anaona mpaka nani kavaa miwani. Halafu kuna mlango. Ukumbi ukiwa giza, ukiufungua mlango wa kwenda kwenye korido yenye taa unachora mstari mweupe ukutani, na huo anauona hata aliye katikati ya maneno yake. Halafu kiti. Kile kinachojikunja chenyewe, ukinyanyuka bila kukishika kwa mkono kinapiga "paa!" Ukikipiga ndani ya kimya kilichopangwa na mwongozaji, umeshaingia kwenye mchezo bila kulipwa.

Fundi_Taa: La mlango ni kweli tupu. Kumbi zilizojengwa kwa akili zina milango miwili yenye kijia cha giza katikati. Unafungua wa kwanza, unauacha ujifunge nyuma yako, ndipo unagusa wa pili. Watu wana haraka, wanafungua yote kwa pamoja, kijia kinakosa kazi. Lakini mkuu Kiti_cha_Pembeni, ushauri wa kutoka taa zikizimwa ndio mbaya kuliko yote. Giza la kubadilisha onyesho mara nyingi ni la sekunde chache. Ndani ya hizo sekunde kuna watu wanabeba meza, na mara nyingine waigizaji wanashuka kupitia njia ileile ya watazamaji. Yeye amehesabu hatua zake mazoezini, wewe hujui hata ngazi ziko ngapi. Na taa zikiwaka kabla hujafika mwisho wa safu, uko wima mbele ya ukumbi mzima. Toka kwenye kelele: makofi, muziki, kicheko kirefu. Mwanga wa jukwaani unakutosha kuona ngazi.

Msomi_wa_Tamthilia: "Wanajifanya wanaelewa." Haya. Tamthilia ya mwandishi Samuel Beckett, "Waiting for Godot", ile ya kumsubiri mtu aitwaye Godot, London 1956, watu walitoka kwa makundi wakinung'unika. Leo inafundishwa kila mahali. Waliotoka ndio walioelewa?

Binti_Pazia: Mwalimu, London ilikuwa Agosti 1955, Arts Theatre, mwongozaji Peter Hall. 1956 ni Miami, Januari, na pale ndipo wengi walipotoka kabla ya sehemu ya pili. Sababu inajulikana pia: matangazo yaliwaahidi watu kichekesho. Mtu aliyekuja kucheka akakuta wanaume wawili wanangoja chini ya mti, unamlaumu kwa lipi? Kosa ni la bango.

Msomi_wa_Tamthilia: Mwaka mmoja huo unabadilisha nini? Hoja iko palepale. Na mwaka 1957, Novemba kama unataka mwezi, mchezo huohuo ulipelekwa gereza la San Quentin, Marekani, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Hadhira ambayo wengi hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa maigizo. Wakakaa mpaka mwisho, wakaufuata kuliko wasomi.

Kiti_cha_Pembeni: Mwalimu, mfano wako wa hadhira isiyotoka ni WAFUNGWA? Walitakiwa watokee wapi?

Safu_ya_Tatu: 😂😂 Uzi ungefungwa hapa. Lakini ngojeni, kuna kitu mmekipita. Kiti_cha_Pembeni anasema upite umewaelekezea uso waliokaa. Kwa nini? Ukifanya hivyo makalio yako na begi lako viko usawa wa vichwa vya watu wa safu ya mbele. Ukiangalia jukwaa, mikono inashika migongo ya viti vya mbele, unajua unagusa nini.

Kiti_cha_Pembeni: Ukiangalia jukwaa, makalio hayohayo yako usoni kwa hawa waliokaa safu yako. Kumpa mtu mgongo umbali wa kiganja, na bado unamwomba akupishe, ni adabu gani hiyo? Ukiwaangalia unaona miguu yao, unaona nani kavuta magoti, nani kaweka kikombe sakafuni. Anayepita kwa mgongo anakanyaga.

Safu_ya_Tatu: Na anayepita kwa uso anawapiga wa mbele kwa begi. Mkanda wa begi ndio adui. Likiwa begani linaning'inia nyuma yako, ukigeuka linazunguka. Lishikwe kifuani kwa mikono miwili, zipu zimefungwa kabla ya kusimama, funguo ndani. Na lile la kunata, la kubandua kwa kishindo, liachwe limefungwa mpaka nje.

Mama_Jukwaa: Begi mikono miwili, kiti utakishika na nini?

Safu_ya_Tatu: Begi mkono mmoja, kiti mkono mwingine mpaka kimejikunja chote, ndipo mikono miwili. Haya ni mambo ya kuelezana kweli?

Fundi_Taa: Ni ya kuelezana, maana hata kuinama mnakosea. Ukumbi wenye mteremko mkali, wa nyuma wanaona juu ya kichwa chako, huna haja ya kujikunja. Mtu aliyejikunja anapoteza mizani, anaenda polepole, anaziba kwa muda mrefu zaidi. Inama pale tu sakafu ni tambarare, na hata hapo shingo na mabega vinatosha. Na asiguse simu kwa ajili ya tochi! Macho ya watu yameshazoea giza, na kuzoea giza kabisa kunachukua zaidi ya dakika ishirini. Ukiwasha tochi umewafuta wote waliokuzunguka.

Binti_Pazia: Mimi niko na Kiti_cha_Pembeni kwenye la uso. Mnyonge wako ni yule unayemsumbua kusimama. Wa mbele hakuombwa chochote.

Safu_ya_Tatu: Hakuombwa ila atapigwa.

Msomi_wa_Tamthilia: Mnabishana uso na mgongo kwa sababu mmezoea safu fupi. Nendeni Bayreuth, Ujerumani, ukumbi aliojengewa Wagner, mtunzi wa opera, uliofunguliwa 1876. Hakuna njia katikati, safu zinatoka ukuta hadi ukuta, milango iko pembeni. Opera yake Das Rheingold ni kama saa mbili na nusu bila mapumziko. Ukikaa katikati, uso au mgongo, hutoki mpaka umeamsha nusu ya safu. Mjenzi alishakujibu.

Kiti_cha_Pembeni: Kwa hiyo ukuta ndio hoja sasa. Wafungwa, kisha ukuta.

Msomi_wa_Tamthilia: Kejeli si jibu, bwana.

Kohozi_la_Ghafla: Mnajichosha. Kohoa mara mbili, ziba mdomo, nyanyuka. Mtu anayekohoa anapishwa na kuombewa afya. Hakuna atakayejua umechoka na mchezo.

Mama_Jukwaa: Na kikohozi kinaambukiza ukumbini, akianza mmoja wanafuata watano. Umetoka wewe, umetuachia kwaya. Kama lazima utoke, usiongeze sauti ya uongo juu ya sauti za kweli. Mhudumu aliye mlangoni ndiye wa kumtazama: ukifika karibu yake, ngoja akufungulie yeye. Anajua ni sekunde gani hakuna mtu wa kuingia jukwaani kupitia hapo. Na usisukume mlango wa dharura kwa kuwa uko karibu, mingine imeunganishwa na kengele.

Fundi_Taa: Na ule ukumbi ambao viti vimezunguka jukwaa pande zote? Huko sahauni yote haya. Njia za watazamaji ndizo njia za waigizaji, na nusu ya watu wanakutazama wewe kwa kuwa uko nyuma ya mwigizaji kwa upande wao. Huko unasubiri mapumziko, na kama mchezo ni wa dakika tisini bila mapumziko, basi muda huo huwa umeandikwa kwenye tangazo. Ungesoma kabla ya kununua.

Binti_Pazia: Na mapumziko nayo yana namna yake. Chukua kila kitu chako kiti kisibaki na koti, mwambie jirani hurudi, asikae anavuta magoti akikungojea.

Kohozi_la_Ghafla: Vipi wale wanaotoka mchezo umeisha, waigizaji wanainama kushukuru, wao wanakimbilia usafiri? Hao hamwasemi.

Mama_Jukwaa: Hao ndio wabaya zaidi! Amevumilia saa mbili, dakika mbili za makofi zinamshinda. Bora aliyetoka mapumziko.

Kiti_cha_Pembeni: Asante mama, hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo. Mtu atoke, ila kwa utaratibu: kiti cha mwisho wa safu tangu siku ya kununua, begi limefungwa, kiti kimeshikwa, kwenye makofi, mlango mmoja baada ya mwingine.

Fundi_Taa: Tangu mwanzo ulisema gizani.

Safu_ya_Tatu: Na la mgongo hujajibu bado. Begi la nani limewahi kumpiga mtu wa nyuma?

Kiti_cha_Pembeni: La aliyelivaa kifuani, akapita kwa mgongo, akageuka kuomba radhi.