Ajira ya halmashauri au masta ya utafiti? Wazoefu wa fildi naombeni mawazo

Kijana wa Kibaigwa
Wakuu habari za mchana. Kichwa kimejaa na nyumbani kila mtu ananivutia kwake. Nina digrii ya afya ya mazingira, GPA 3.9, mwaka wa pili huu nakusanya data kwenye miradi ya watu hapa Dodoma, Kongwa sana na Mpwapwa kidogo, mikataba ya miezi mitatu mitatu, ukiisha unarudi kitaa kusubiri simu. Wiki iliyopita nimeitwa kazini halmashauri, Afisa Afya, ajira ya kudumu. Wiki hiyo hiyo profesa ninayemfanyia kazi ananiambia kuna nafasi ya masta ya afya ya jamii inalipiwa na mradi, nikimaliza niombe kufundisha chuo na niendelee na utafiti wa vijijini.

Mzee wangu ameshasema pensheni iko serikalini, mjadala umefungwa. Mimi roho iko kwenye utafiti ila kuna kitu kinanikereketa. Mwezi jana tulikuwa kijiji kimoja Kongwa, mradi wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha. Nimekaa na bibi mmoja nje ya tembe, kope zimegeukia ndani, kibano kafunga kwenye pindo la kanga, tukienda maswali mawili matatu anakifungua, mjukuu anamng'oa ukope, anapangusa machozi, tunaendelea. Kwenye kishikwambi nikafika swali la ananawa uso mara ngapi kwa siku. Akacheka. Akasema kitu kwa Kigogo, mkwewe akanitafsiria: "anasema mwaka juzi alikuja mwenzako na kibao kama hicho akauliza hayo hayo, majibu mlipeleka wapi?" Wakuu sikuwa na jibu. Nikabonyeza "mara moja" nikaenda swali linalofuata.

Halafu pepa ya mradi wangu wa kwanza imetoka kwenye jarida, nimeisoma mpaka chini kabisa, hatupo hata kwenye shukrani, na siafu walitula kule. Sasa hii ndiyo kazi ya kuikimbilia?

Mpangishaji Ipagala
Dogo nenda halmashauri leo leo. Hela ya mradi ina mwenyewe na mwenyewe anaweza kuamka vibaya. Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada nilikuwa na mpangaji hapa, kijana mzuri tu, mtu wa data kwenye mradi wa afya, Ijumaa ana gari la ofisi Jumatatu anarudisha laptop, mwezi wa tatu akaniomba tuongee kuhusu kodi. Ingia serikalini, maliza miezi 12 ya matazamio, uthibitishwe, ndio uombe ruhusa ya masomo ukasome huku kiti chako kipo. Masta haziishi.

Daktari wa Vumbi
Mpangishaji yuko sahihi kuhusu hela ila ruhusa ya masomo usiihesabu kama ipo mfukoni, kuna watu wanaiomba mwaka wa nne huu wanaambiwa kituo hakina mtu.

Mimi nilipita njia hiyo ya profesa wako kwa hiyo nikwambie ilivyo. Chuo kikuu ngazi ni Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi ukiwa na masta, Mhadhiri ukiwa na PhD, halafu Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. GPA yako ya kwanza imevuka ile 3.8 wanayoitaka, hiyo shukuru Mungu maana kuna wenzako wenye akili kukuzidi wamekwama pale. Masta usishuke chini ya 4.0. Ukitaka masta yenye utafiti ndani yake zaidi ya darasani, taasisi ya utafiti ya Ifakara Health Institute wana moja kwa kushirikiana na chuo cha Nelson Mandela cha Arusha, iangalie pia kabla hujamkubalia profesa.

Ukishaingia, kinachokupandisha ni pepa. Mikutano ya kijiji uliyokaa juani haipandishi mtu. Na hii kazi yetu ya jamii pepa zake zinachelewa, mwenzako wa maabara anafungua friji sampuli zipo, wewe unaanza na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kinaisha baada ya mwaka unahuisha, barua ya mkoa, barua ya mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, ndio ufike kwa balozi wa nyumba kumi ukute watu wote wameenda shamba kwa sababu ulikuja Januari na Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Niliwahi kupoteza wiki mbili hivyo hivyo, ujinga wangu mwenyewe.

Kuhusu jina lako kwenye pepa. Inauma lakini sheria ya majarida mengi ni kwamba kukusanya data peke yake hakukufanyi mwandishi, lazima uwe umechangia kwenye wazo au uchambuzi, umeshiriki kuandika au kurekebisha, umepitisha toleo la mwisho na uko tayari kujibu likitokea swali. Shukrani ndiyo stahili yenu na kuwanyima hata hiyo ni uchoyo. Dawa yake sio kulalamika, ni kuomba mapema. Mwambie profesa KABLA ya kusaini: nataka sehemu ya data niichambue mimi, niandike mimi, jina la kwanza. Akianza kuzunguka zunguka umepata jibu lako la halmashauri.

Sasa bibi yako. Hapo hapo Kongwa trakoma imetafitiwa tangu miaka ya 80, watu wa chuo cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na Watanzania. Walichokikuta mapema ni kwamba kina mama waliamini kumnawisha mtoto uso kunakula maji mengi, na maji yako mbali, kwa hiyo hawanawishi. Wakakaa nao wakajaribu kwa vitendo, ikaonekana maji kidogo tu yananawisha nyuso za watoto kibao. Baadaye wakafanya jaribio kwenye vijiji 6, vyote vikapewa dawa ya macho, vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawa iliyojadiliwa na wanakijiji wenyewe, trakoma kali ikapungua zaidi kule, ikatoka kwenye jarida la Lancet 1995. Usafi wa uso leo uko kwenye mkakati wa dunia wa trakoma pamoja na upasuaji, dawa na mazingira. Kwa hiyo majibu ya watu wa Kongwa yalifika mbali sana, ila bibi hakuambiwa. Na kope zikishageukia ndani hazihitaji dodoso, zinahitaji upasuaji, ulimwandikia rufaa?

Mama Mhudumu
Naomba niseme na sisi tunaowatembeza. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mgeni akija na kishikwambi mimi ndiye nambishia hodi kila kaya na akiondoka mimi nabaki naulizwa. Huku hatuwajui kwa majina tunawajua kwa magari, "wale wa gari jeupe la kinyesi" walikuwa wanakusanya choo za watoto, mpaka leo wanaitwa hivyo. Miaka yote hii amerudi mmoja tu, dada mmoja alikuwa anasoma, kaja na basi, kabandika karatasi kubwa kwenye mbuyu kachora kaya ngapi zina choo na ngapi hazina. Watu walikaribia kupigana pale maana kitongoji kimoja kilijiona. Ndani ya mwezi mashimo yakaanza kuchimbwa. Huyo hata leo akija anapewa kuku.

Kijana wa Kibaigwa
Daktari hapo kwenye rufaa umenishika. Sikuandika, fomu zilikuwa kwa timu ya macho kwenye gari la pili nikasema watapita. Nimempigia mkwewe jana, hawakupita. Nimeongea na nesi wa zahanati yao amesema kambi ya upasuaji ikitangazwa atamweka kwenye orodha, nitamfuatilia mwenyewe.

Profesa nimemuuliza ya jina la kwanza, kakubali kwa mdomo, nimemwomba aandike kwenye barua pepe bado kimya siku ya tatu. Kuripoti halmashauri nina siku tisa. Nimemuuliza pia la kurudisha majibu kwenye mkutano wa kijiji kama yule dada wa Mama Mhudumu, kakubali, nusu siku wiki ya mwisho ya mradi, ila kasema bajeti ya posho na soda hakuna.

Mama Mhudumu
Mkutano bila soda? Njoo saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea, na karatasi uandike kwa herufi kubwa. Mbuyu upo.