Mjadala: Kiwanda cha matairi Arusha kifufuliwe, au majengo yapewe kazi nyingine?

Mleta hoja: Wadau, General Tyre ilianza kutoa matairi hapa Arusha mwaka 1971. Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa, wabia wa nje 26. Mwaka 1987 Continental ya Ujerumani ikainunua kampuni mama ya Marekani. Leo mitambo imenyamaza. Tufanyeje?

Mdau wa Themi: Kifufuliwe. Malighafi tunayo: mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero.

Fundi wa Kaloleni: Ndugu yangu, utomvu pekee hautoshi. Kaboni nyeusi, salfa, nailoni na waya wa ukingoni vyote vinanunuliwa. Halafu soko limehama. Magari madogo na malori sasa yanavaa tairi za radial, na tairi ya radial ina mkanda wa nyuzi za chuma. Inataka mashine nyingine ya kuviringisha, kisu kingine cha kukata matabaka, na kalibu, yaani maumbo ya chuma ya kuivishia tairi, zinazofunguka vipande vipande. Mashine ya kujenga tairi za nailoni, zile za zamani zisizo na mkanda wa chuma, haigeuzwi hivi hivi ikajenga radial.

Mama wa Moshi: Fundi, hapo umesema kweli, lakini trekta na trela bado zinatumia nailoni kwa wingi. Kwa nini tusianzie huko? Mashamba ya ngano ya Hanang na Karatu yako jirani.

Fundi wa Kaloleni: Hoja nzito hiyo, mama, naikubali. Ila muanze na boila, mtambo wa kutoa mvuke. Tairi mbichi huivishwa ndani ya kalibu kwenye joto la nyuzi 160 hivi, kibofu cha mpira kikiisukuma kwa ndani. Ya gari dogo huchukua kama robo saa; ya trekta ni nene, inakaa muda mrefu zaidi. Mvuke ukishuka katikati, nje inaiva, ndani inabaki sponji. Ukifungua unaona malengelenge. Usipoyaona, matabaka yataachana shambani.

Mdau wa Themi: Na mashamba je?

Mama wa Moshi: Yasisubiri kiwanda. Mti wa mpira hugemwa ukifika miaka sita au saba. Na wagemaji wafundishwe upya: kisu kikigusa mti wenyewe chini ya gome, gome jipya huota na vinundu, na sehemu hiyo haigemeki tena vizuri. Mkinunua mashine leo bila kupanda, mtaagiza mpira kutoka Asia kwa miaka yote hiyo.